Kuabudu ni nyimbo za taratibu tu?

Muulizaji, Dodoma: Bwana Yesu asifiwe. Kanisani kwetu "kuabudu" maana yake ni nyimbo za taratibu. Ni sahihi?

Jibu: Amina. Hapana, mpendwa. Neno la Kigiriki la kuabudu, proskuneo, ni kusujudu, na Warumi 12:1 inadai mwili mzima uwe dhabihu. Kuabudu ni ibada nzima: Mungu anaita, tunatubu, Neno linasomwa, tunashiriki Meza ya Bwana, tunatumwa.

Panapoharibika ni hapa: kwaya 4, nyimbo 3 kila moja, dakika 5 kila wimbo, saa nzima imekwisha! Kisha toba inasomwa mbiombio. Kila kwaya iimbe wimbo 1, unaojibu somo la siku.

Muulizaji: Na sadaka?

Jibu: Nayo ni ibada. Debe la mtama la mavuno liombewe kwanza madhabahuni, mnada baadaye.