Mjadala: Wanafunzi wajenge kompaila (programu ya kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) wenyewe au wapakue iliyo tayari?

Fundi_Ubungo: Wakuu, vyuo vya Dar vimtake kila mwanafunzi ajenge kompaila ya ARM (aina ya prosesa) kwenye kompyuta yake ya Intel. Binutils kwanza (asembla na linka), kisha heda za Linux, GCC (kompaila yenyewe) ya awali ya C tu, glibc (maktaba ya C), ndipo GCC kamili. Anayepakua ni mvivu.

Mwenge_C: Mvivu nani? `apt install gcc-aarch64-linux-gnu`, kazi imekwisha. Mwenzangu anasaga usiku kucha, umeme ukikatika analia.

DadaLinka: Umeme ukirudi, `make`, amri ya kujenga, inaendelea ilipoishia. Kinachowakwamisha ni kujengea ndani ya folda ya chanzo, na kusahau GMP, MPFR na MPC, maktaba za hesabu ambazo GCC inazihitaji. Endesha `contrib/download_prerequisites` ndani ya folda ya chanzo, fungua folda ya kujengea pembeni, na `--prefix` (mahali pa kusakinishia) iwe ileile kila hatua. Ikitofautiana, GCC inaokota asembla (kigeuza amri kuwa namba za mashine) ya Intel, nayo haizijui amri za ARM.

Mwenge_C: Na hizo kompaila za ARM zina kasoro. Programu ya kusoma faili inakoma vizuri kwenye Intel, kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ARM, haikomi kamwe.

Fundi_Ubungo: Usiisingizie kompaila! Weka mstari hapa.

Mwenge_C: `char c; while ((c = getchar()) != EOF)`

DadaLinka: Ndiyo hapo. `char`, kisanduku cha baiti moja, ya Intel inabeba namba hasi, ya ARM kwenye Linux haibebi. EOF, alama ya mwisho wa faili, ni -1. Ikiingia humo inageuka 255, na 255 hailingani na -1 hata ukikesha. Andika `int c`.

Kariakoo_Bodi: Au tumia `-fsigned-char`, inayolazimisha `char` ibebe hasi, yaishe.

DadaLinka: Hapana kaka! Lupu itakoma, lakini faili ikiwa na baiti 255 katikati, kusoma kunaishia hapo. Intel ina kosa hilohilo, limejificha tu.

Kariakoo_Bodi: Kwani C haijaamua kama `char` inabeba hasi?

Fundi_Ubungo: Imemwachia mtengenezaji wa kompaila. RISC-V, aina nyingine ya prosesa, nayo haibebi hasi.

Mwenge_C: `int` imekubali. Sasa Fundi futa neno "mvivu". Aliyejenga kompaila kwa mkono angeandika kosa lilelile.

Fundi_Ubungo: Angejua pa kuchungulia kama `char` haibebi hasi: `echo | aarch64-linux-gnu-gcc -dM -E - | grep CHAR_UNSIGNED`.

Mwenge_C: Nimeiendesha kwenye hii ya kupakua. Imejibu `#define __CHAR_UNSIGNED__ 1`. Futa.