Naomba ushauri: mdogo wangu anaishi kwa maji ya ikweta

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Mdogo wangu hupata riziki pale Kayabwe, ikweta inapokata barabara ya Kampala kwenda Masaka. Ana mabeseni matatu yenye tundu chini. Huweka ua dogo juu ya maji: kaskazini mwa mstari linazunguka huku, kusini linazunguka kule, katikati maji yanashuka tu. Watalii wanapiga picha, wanampa chochote.

Mimi nafundisha fizikia. Ni kweli mzunguko wa dunia hupinda mwendo wa pepo, ndiyo maana vimbunga vya kaskazini na vya kusini huzunguka kinyume. Lakini kwenye beseni athari hiyo ni hafifu mno, na ukikaribia ikweta inaelekea sufuri. Mwaka 1962 mhandisi Ascher Shapiro, kule Marekani, aliionyesha kwenye tangi pana la maji, ila ilibidi maji yatulie saa 24 kwanza. Kwa mdogo wangu kinachoamua ni mkono unavyomimina. (Nimemchungulia. Ana ufundi huyo!)

Juzi mwanafunzi akaandika mfano wa beseni kwenye mtihani, nikamkata alama. Akaniambia, "Lakini mwalimu, mdogo wako ndiye alituonyesha." Nikakosa la kusema.

Ada za watoto wake zinatoka kwenye mabeseni hayo. Nimwambie awaeleze watalii kuwa ni mchezo tu? Watamlipa kweli? Au ukweli niuache darasani? Aliyewahi kuvutana na ndugu yake kwa jambo kama hili, anisaidie.