Diski ya pili kwa mashine ya gemu: SSD ya tera moja au hadidiski ya tera mbili?

mabuyu_matamu
Salaam aleikum wana jukwaa. Nina kompyuta ya gemu, ndani mna SSD, diski isiyozunguka, ya giga 240 na imejaa hadi shingoni. Kila nikitaka gemu mpya sharti nifute ya zamani, na bando si la bure. Nimeweka kando elfu tisa. Jana nimezunguka Moi Avenue na Digo Road hapa Mombasa nikarudi na majibu matatu: SSD ya SATA (ile ya kufungwa kwa waya) ya tera moja, hadidiski mpya ya tera mbili ambayo bei yake haiko mbali, au kile kijiti cha NVMe (SSD ya kuchomekwa kwenye bodi yenyewe) chembamba kama chingamu ya Big G, ambacho muuzaji ameniapia kuwa hakuna cha kukifikia kwa kasi. Tena kuna jamaa Mwembe Tayari ana tera mbili za mtumba, elfu mbili na mia tano. Ninunue ipi? Nataka kwenda Jumamosi.

fundi_wa_tudor
Waaleikum salaam. Watuuliza nauli na hujasema umesimama steji gani. Kompyuta gani? Bodi gani? Sloti ya M.2, tundu la hicho kijiti, ipo au haipo? Wacheza nini? Hiyo 240 utaiacha ndani au utaitoa?

nahodha_mkavu
Mtumba usiguse. Nitaeleza nikifunga duka.

pwani_fps
NVMe, mjadala umekwisha. Ya kizazi cha nne, Gen 4, inasoma hadi megabaiti 7,000 kwa sekunde. SATA inakwama kwenye 550. Hadidiski ikiamka vizuri ni 150 hadi 200. Nani bado ananunua kitu kinachozunguka kama santuri?

fundi_wa_tudor
Ananunua mwenye elfu tisa. Na hizo 7,000 ni za kwenye boksi, wakati wa kusoma faili moja kubwa lililonyooka. Gemu lina maelfu ya faili, tena prosesa nayo ina kazi yake ya kuzifungua. Nimepima mwenyewe kwa saa ya simu: gemu lililochukua zaidi ya dakika kwenye hadidiski lilichukua kama sekunde ishirini kwenye SSD ya SATA, na NVMe ikapunguza mbili tatu tu. Mruko mkubwa ni kutoka kinachozunguka hadi kisichozunguka. Hapo juu ni kupigania sekunde.

pwani_fps
Mbili tatu kwako wewe mzee.

mabuyu_matamu
Samahani, nilikuwa kazini. Kompyuta ni Dell, ile ya mnara. Kadi ya picha ni GTX 1650. Nacheza GTA V, Red Dead 2 na mpira.

fundi_wa_tudor
Dell ziko nyingi kama matatu za Bamburi, ndugu yangu. Namba iko mbele au kwenye kibandiko ubavuni.

mabuyu_matamu
OptiPlex 9020. i5 ya kizazi cha nne, RAM 16. Niliinunua mtumba na kadi nikaongeza mwenyewe.

fundi_wa_tudor
Sasa tunaongea. 9020 ya mnara haina sloti ya M.2. Kijiti chako cha Big G hakina pa kuchomekwa mpaka ununue adapta ya PCIe, yaani ya kuingia kwenye sloti za kadi, na ile sloti ndefu ya pili ni PCIe 2.0 yenye njia nne tu. Hata uweke Gen 4 ya bei ya mbuzi, haitafika 2,000. Windows itaiona kama diski ya pili, hilo sawa. Kuiwasha mashine kutoka kwenye diski hiyo ndiyo vita. Halafu hiyo 1650, kama ni nene, huenda imebana sloti za jirani. Fungua uone kabla hujatoa pesa.

shangazi_pikseli
SATA basi. Na akipata hiyo tera moja asije akalia akiona Windows inamwandikia 931. Mwenye kiwanda anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Hajaibiwa mtu.

pwani_fps
Kaka, SATA imekufa.

shangazi_pikseli
Jina langu laanza na shangazi na wewe waniita kaka. Ukisoma diski kama usomavyo majina, naelewa kwa nini wahitaji 7,000.

kaka_wa_feri
😂😂 Mie nina la kwangu. Usitie hata shilingi kwenye mashine hiyo. Windows 11 inataka Intel kizazi cha nane kwenda juu, yako ni cha nne. Na Windows 10, Microsoft walimaliza msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025. Uza yote, ongeza, nunua nyingine.

mabuyu_matamu
Niongeze nini kaka, nimesema elfu tisa.

fundi_wa_tudor
Na diski haifi na mashine. Siku akinunua nyingine anachomoa SSD yake ya SATA na kuihamisha. Bodi za leo bado zina tundu za SATA. Ushauri wa "uza yote" ni rahisi ukitoka kwa mtu ambaye halipi yeye.

kaka_wa_feri
Nimesema tu yakhe, usinipandishie.

nahodha_mkavu
Haya, duka nimefunga. Mwaka juzi nilinunua tera mbili ya mtumba. Si Mwembe Tayari, ni kwengine, na jina la duka silitaji. Ilikuwa imepanguswa vizuri, imetiwa kwenye ule mfuko wa rangi ya fedha, kibandiko cheupe kipya juu. Muuzaji akaichomeka mbele yangu, tera mbili zikaonekana, nikalipa nikaondoka nachekacheka.

Nyumbani nikajaza gemu. Mke wangu akaniomba nimwekee na picha za harusi ya mdogo wake, simu yake ilikuwa imejaa. Nikaziweka. Kisha nikazifuta kwenye simu ili apate nafasi, na hapo ndipo nilipojichimbia.

Miezi mitatu. Usiku mmoja nacheza, gemu likaganda, nikasikia tak, tak, tak. Kimya. Tak, tak, tak. Kama mtu anayegonga sinia kwa ukucha. Nikazima nikawasha, ikarudi kidogo, ndipo nikakumbuka kuweka CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, jambo la kufanya siku ya kwanza nikiwa bado nimesimama pale dukani. Saa za kazi: 41,000 na ushei. Gawa kwa 24 kisha kwa 365, utapata karibu miaka mitano bila kulala hata usiku mmoja. Mstari wa 05, wa sekta zilizohamishwa, una mamia. C5 nayo, ya sekta zenye mashaka, haikuwa sifuri. Nikakikwangua kile kibandiko kwa kucha, chini yake pana kibandiko cha zamani na namba ya modeli ya diski za kamera za usalama. Kumbe ilikuwa ikilinda geti la mtu mchana na usiku, na ilipochoka nikauziwa mimi.

Halafu balaa la pili. Fundi mmoja akaniambia niitie kwenye friza usiku kucha, chuma kitasinyaa na kichwa kilichokwama kitaachia. Nikaifunga mifuko miwili, nikailaza baina ya changu na barafu. Asubuhi nikaitoa. Hewa ya huku kwetu mwaijua: kabla sijaushika waya ilikuwa imetoka jasho kama gilasi ya maji baridi. Kwa haraka nikaichomeka hivyo hivyo. Haikulia tak tena. Haikulia chochote. Ile harusi sasa ina picha kumi na nne, zile alizokuwa amewatumia watu kwa WhatsApp.

shangazi_pikseli
Pole sana. Mambo ya friza ni hadithi za kale, na kwa unyevu wa Mombasa ni kuiosha diski kwa maji. Ila mabuyu, saa peke yake si hukumu. Nimewahi kuona diski ya saa 30,000 ikiwa na 05 na C5 sifuri, na nyingine ya saa 900 ishaanza kuoza. Nenda na laptopu dukani, au mwambie afungue programu mbele yako. Akikataa, hapo una jibu.

kaka_wa_feri
Na chumvi mwaisahau. Hadidiski zina kitundu cha kupumulia, wenyewe wameandika kisizibwe. Hewa ya bahari yaingia humo humo. Mie nakaa Likoni karibu na maji, skrubu za kompyuta zangu zote zina kutu.

fundi_wa_tudor
Kitundu kina kichujio ndani. Chumvi haiogelei humo. Kinachokufa pwani ni ubao wa chini wa diski na ncha za waya, zile zinageuka kijani. Hata SSD ina ncha.

kaka_wa_feri
Kwa hiyo chumvi yaua au haiui?

fundi_wa_tudor
Yaua nje, ndani haifiki.

kaka_wa_feri
Maiti ni maiti.

dobi_wa_stima
Jamani nimeingia kwa kuchelewa. Mimi natetea hadidiski, mnitupie mawe. Huyu ana SSD tayari. Anunue tera mbili mpya, gemu zote zikae huko kama ghala, lile analocheza wiki hii alihamishie kwenye 240. Steam, lile duka la gemu, inakubali kuwa na maktaba kwenye diski zaidi ya moja, na kuhamisha ni kubonyeza tu. Giga 100 kwa kasi ya megabaiti 150 ni kama dakika kumi na moja. Chai ya tangawizi hiyo. Kuishusha upya kwa bando ni siku nzima na mshahara.

mabuyu_matamu
Hili sikulifikiria kabisa. Lakini Red Dead peke yake inataka giga 150, na Windows imekula robo ya 240.

dobi_wa_stima
Itaingia moja kwa wakati. Kwani una macho manne?

pwani_fps
Gemu la Cyberpunk tangu toleo la 2.0, Septemba 2023, SSD ndiyo kiwango cha chini. Gemu mpya zinaelekea huko zote.

fundi_wa_tudor
Kwa 1650 hiyo Cyberpunk si ya kwake. Tumshauri kwa gemu zake, si kwa zako.

shangazi_pikseli
Dobi, ukimpeleka kwenye tera mbili mwambie na habari ya SMR. Mabuyu, hadidiski nyingi za bei nafuu za tera mbili huandika njia zake zikilaliana kama makuti ya paa. Kusoma hakuna neno. Lakini kubadilisha kuti la chini ni lazima uinue yaliyolala juu yake na uyarudishe, kwa hiyo kuandika kitu kikubwa juu ya vya zamani kunaanza kwa mbio kisha kunatambaa. Zile za kawaida huitwa CMR. Hiyo chai ya dobi ya dakika kumi na moja ni ya kusoma kutoka ghalani. Wakati wa kurudisha gemu ghalani unaweza kula na chakula cha mchana. Namba ya modeli usichukue kwa muuzaji, itafute mwenyewe kwenye tovuti ya kiwanda.

dobi_wa_stima
Yangu ni SMR na sijawahi kufa njaa.

shangazi_pikseli
Na SSD pia zina yake. Za QLC, zile zinazobana data zaidi kwenye kila chembe kwa bei ya chini, zikishajaza kashe (nafasi yao ya kupokelea haraka) zinaandika polepole kama hadidiski. Kwa gemu si neno, huandiki kila saa. Mie ningechukua ya TLC, isiyobana hivyo, waranti ya miaka na risiti yenye muhuri.

dobi_wa_stima
Stima je? Juzi zilikatika mara tatu usiku mmoja kwetu Changamwe. Bila UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, nyote mwajisumbua.

nahodha_mkavu
UPS kwa elfu tisa hiyo hiyo? Na biskuti juu?

kaka_wa_feri
Mie natumia kilinda umeme cha friji. Stima zikirudi kinangoja dakika tatu kabla hakijaruhusu.

fundi_wa_tudor
Hicho kinazuia mshtuko wa kurudi. Stima zikiondoka unaondoka nazo. Lakini ni bora kuliko kuchomeka ukutani.

mabuyu_matamu
Haya, Jumamosi hii asubuhi nimefungua mnara nihesabu tundu kama mlivyosema. SATA mbili tupu zipo, waya wa umeme wa ziada upo. Kadi ni nene, imebana sloti za jirani, kwa hiyo Big G kwaheri. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Lakini nyuma ya waya, kwenye bati pembeni ya pawa saplai, kuna mayai mawili meupe, madogo kama peremende, yamegandia hapo. Na mwenyewe, mjusi kafiri, amekaa juu ya kadi ananitazama.

kaka_wa_feri
😂😂😂 Mpangaji.

fundi_wa_tudor
Usimkimbize! Akiingia ndani ya pawa saplai akakutana na umeme utanunua zaidi ya diski. Nimetoa watatu waliokauka mwaka huu, mmoja alikuwa kwenye TV ya msikiti.

pwani_fps
Kwa hiyo ni SATA SSD?

shangazi_pikseli
Chomoa waya ukutani, acha ubavu wazi, weka kompyuta nje barazani. Atatoka mwenyewe kufuata taa. Mayai yabandue taratibu kwa kadi ya simu ya zamani.

dobi_wa_stima
Tundu alilopitia ni la sloti ya nyuma, ulipoweka kadi ulitupa kibati. Ziba kwa wavu wa mbu.

mama_wa_nyali
Maganda ya mayai ya kuku. Weka maganda nyuma ya kompyuta hawaji tena.

fundi_wa_tudor
Hilo la maganda sijaona likifanya kazi hata siku moja.

mama_wa_nyali
Kwangu linafanya.

nahodha_mkavu
Mabuyu, nikuulize. Huyo mjusi, usiku halii tak tak tak?

mabuyu_matamu
Analia. Kwani?

nahodha_mkavu
Basi. Nimekaa chini.

kaka_wa_feri
Nahodha usiniambie uliitia friza diski nzima kwa sababu ya mjusi.

nahodha_mkavu
05 ilikuwa na mamia! Niliziona kwa macho yangu!

mabuyu_matamu
Duka hufungwa saa nane Jumamosi, sitawahi tena. Nimeiweka barazani kama alivyosema shangazi. Bado hajatoka, na sasa paka wa jirani amekuja kukaa.