Tupeane uzoefu: nani alipanda treni ya abiria Tanga–Korogwe, na ikirudi ingemfaa nini?

Mwana_wa_Pongwe: Wakuu, salaam. Jumamosi nilitembea kando ya reli kutoka Pongwe, kama nusu saa hivi. Nyasi zimefika magotini, na mtu kalima mihogo mpaka kwenye kokoto. Iliniuma. Hii ndiyo reli ya kwanza kujengwa Tanganyika. Wajerumani waliianzia hapa Tanga 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905. Leo kila mkutano tunasikia reli mpya za mbali. Mimi naomba treni fupi tu ya asubuhi na jioni, Tanga, Pongwe, Muheza hadi Korogwe, kwenye tuta hili hili. Walioipanda semeni ilikuwaje.

Bi_Machungwa: Mimi nimezaliwa Muheza. Miaka ya 1980 mama alikuwa akinichukua likizo, tunashuka naye Tanga na matenga matatu ya machungwa. Mzigo unakaa miguuni pako, unauona. Ilikuwa inachelewa, sitaki kudanganya, lakini ikija inabeba wote: mwenye kuku, mwenye mkungu, mwanafunzi na sanduku lake la bati.

Sasa hivi nakodi nafasi kwenye Fuso na wenzangu. Gari haliondoki mpaka lijae. Mwezi wa sita, machungwa yanapokuwa mengi, nimewahi kungoja siku mbili barabarani huku viroba vya chini vinalowa. Ukibonyeza chungwa kidole kinazama. Nilimwaga viroba vinne, na ada ya mtoto ilikuwa mle. Treni yenye saa yake, hata iwe moja kwa siku, ningejua nichume lini. Hiyo peke yake ni mtaji.

Kijana_Chumbageni: Pole sana mama. Mimi sijawahi kuiona ya Tanga, ila nimekaa Dar nikapanda treni ya mjini iliyoanza 2012. Hawakusubiri reli mpya, walitumia ile ile ya zamani. Asubuhi tulibanana kweli, lakini foleni ya barabarani ilikuwa haituhusu.

Mzee_wa_Gangi: Wanangu, nilifanya kazi ya njia miaka mingi. Watu wakisema "kufufua reli" wanafikiria kichwa cha treni na mabehewa. Hayo huja mwisho. Adui wa kwanza ni maji. Kokoto kazi yake ni kushika mataruma, yaani vile vipande vinavyolala chini ya reli kuibeba, na kupitisha maji. Zikijaa udongo na nyasi, maji yanatuama, tuta linalainika, reli inalala upande mmoja. Hapo dereva anaamriwa apite polepole, safari ya saa moja inakuwa saa tatu, abiria wanahamia basi. Treni ya abiria haifi siku moja.

Tulikuwa gangi, yaani kikundi cha watunza njia ya reli, kila gangi na kipande chake. Unatembea na spana na nyundo, unagonga unasikiliza. Nati iliyolegea ina mlio wake. Mkitaka treni irudi, pesa ya hao watu iwemo kwenye bajeti ya kila mwaka, si ya siku ya uzinduzi tu.

Dada_Korogwe: Shikamoo mzee. Kwetu matumaini yalirudi 2019, treni ya abiria ya Dar–Moshi ilipoanza tena baada ya miaka mingi. Ila ile inatokea Ruvu, inaingilia Mnyusi, inakuja Korogwe. Tanga mjini inaiacha kando. Mama yangu ana kliniki hospitali ya Bombo, Tanga mjini, kila mwezi, na mgongo wake hauwezi kukaa kwenye kiti cha Noah wanne wanne.

Jirani_wa_Reli: Naunga mkono, lakini msitusahau tuliojenga karibu. Tunajua ni eneo la reli. Tuelezwe mapema mipaka iko wapi, tusije tukaamka na alama ya X ya kubomolewa ukutani.

Mwana_wa_Pongwe: Kweli kabisa, jirani. Mzee, wewe ungeanzia wapi?

Mzee_wa_Gangi: Marahaba, binti. Wewe mwana wa Pongwe, ningeanza na makalavati, ile mitaro inayopitisha maji chini ya reli, kabla ya masika. Zibueni, fyekeni mita chache kila upande, halafu mpite na kiberenge, kile kigari kidogo cha reli, taratibu mpaka Muheza mkihesabu mataruma mabovu. Magoti yangu yakikubali nitakuja.

Bi_Machungwa: Njoo mzee. Chakula juu yangu.