Naomba ushauri: moyo unaruka pigo, kipimo cha umeme wa moyo (ECG) hakioni kitu

Habari zenu wakuu. Moyo wangu huruka pigo, hasa nikilalia ubavu wa kushoto: kimya kidogo, halafu dundo moja zito kifuani. Sizimii, sina maumivu. Nilipima ECG ikatoka safi, mapigo 72 kwa dakika. Ila kipimo hicho hurekodi kama sekunde 10 tu, na siku hiyo moyo ulitulia tuli, utadhani unanikejeli! Daktari anahisi chemba za chini za moyo hujipiga mapema, kabla umeme wa kawaida haujashuka kutoka juu. Kahawa nimeacha, nafuu ni kidogo.

Je, niombe kile kipimo cha moyo cha kuvaa kwa saa 24? Na waliopitia hali hii, dalili gani iliwarudisha hospitali haraka?