Mafundi wa Dar, kabla hamjaniuzia kompresa ya tatu, pakeni sabuni kwanza!

Wakuu, heshima kwenu. Leo sijaja kuomba ushauri, nimekuja kutapika nyongo. Wenye Vitz mnaweza kupita hivi, au mkae mcheke, ruksa.

Nina Benzi S-Class ya 2003, ile bodi ya W220. Najua mmeshaanza kuandika "ulijitakia". Bandarini nililipa mpaka kodi ya uchakavu, kwa hiyo kwamba gari ni chakavu nina risiti yake ndani, sihitaji kukumbushwa. Gari hili halina springi hata moja. Limebebwa na upepo kona zote nne: kila tairi lina shokapu yenye mfuko wa mpira, kompresa moja, yaani pampu ya kujaza upepo, imekaa mbele kulia nyuma ya bampa, na kuna kibloku cha vali kinachogawa upepo. Likiwa zima, ukilipeleka barabara ya Bagamoyo unajiona waziri.

Picha linaanza Kimara, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nawahi foleni. Natoka nje nakuta gari limepiga goti. Mbele kushoto fenda imemeza tairi, hata vidole viwili havipiti. Nikawasha, kompresa ikaunguruma kama dakika mbili, likanyanyuka taratibu kama ngamia, likakaa sawa. Nikaenda zangu Posta. Kesho yake vilevile, kona ileile. Hapo hapo jibu lilikuwa wazi: ikishuka kona moja tu usiku, mara nyingi upepo unatokea kona hiyo, kwenye mfuko au kwenye laini yake, yaani kibomba cha upepo. Ndoo ikivuja hununui pampu, jamani!

Gereji ya kwanza, Kinondoni, jina silitaji. Fundi akachomeka kompyuta, hajakaa hata dakika: "Kompresa imekufa bosi. Hayo maji ya Jangwani hayo." Nikamuuliza, fundi, iliyokufa inanyanyuaje gari la karibu tani mbili kila asubuhi? "Inakufa kidogo kidogo." Nikakaa kimya. Kosa langu hilo. Laki nane na nusu, kompresa ya mtumba kutoka Gerezani, imesuguliwa kwa mafuta ya taa ili ing'ae. Nadai risiti ya EFD, naandikiwa kwa peni kwenye kipande cha boksi.

Haikumaliza wiki tatu. Saa nane usiku mlinzi wa jirani ananigongea dirisha: "Mzee, gari lako linanguruma huku nje." Gari limefungwa, funguo ziko juu ya meza sebuleni. Natoka na bukta, naweka mkono kwenye bampa, linatetemeka, na pale kompresa ilipo joto linakupiga usoni. Nikakimbilia kuchomoa betri.

Baadaye ndiyo nikaelewa ni rilei, ile swichi ya umeme inayowasha na kuzima kompresa. Kidude cha kushika kwa vidole viwili! Kompresa ikifanya kazi kupita kiasi kwa sababu kuna mahali panavuja, zile pointi ndani ya rilei zinaungua mpaka zinashikana. Zikishashikana, hakuna wa kuizima kompresa. Inajipika yenyewe, pete za pistoni zinakwisha, na betri inakauka juu yake. Fundi anayejua magari haya akibadilisha kompresa anabadilisha na rilei, bila kuulizwa. Bei yake haifiki hata mafuta ya kwenda Kibaha na kurudi. Wangu alirudisha ileile ya zamani. Nilipomfuata akanijibu, tena bila kunyanyua uso kwenye simu: "Kitu cha umeme hakirudishwi bosi."

Gereji ya pili, Tegeta. Huyu hata kompyuta hakuchomeka. Akazunguka gari mara moja, mikono kiunoni. "Mzee wangu, tutoe huu upepo, tuweke springi upumzike." Springi zipi? Za Hiace, atazikata na grenda zikae. Sina ugomvi na wanaohamia kwenye springi, zipo seti kamili zilizotengenezwa kwa ajili ya W220 na kuna watu wanazitumia. Lakini kwenye gari hili mfuko wa upepo na shokapu ni kitu kimoja, na ugumu wa hiyo shokapu unaongozwa na kompyuta. Sasa unaniletea springi ya daladala na grenda? Nikamuuliza umeangalia inavuja wapi. "Hizi hazivuji mzee, hizi ni kompyuta."

Hizi ni kompyuta! Wakuu, mpira wa miaka ishirini na kitu, jua la Dar, matuta ya Dar, chumvi ya Dar, halafu hauvuji.

Na bado nikapigwa. Springi nilikataa, lakini kompresa ya pili niliuziwa, laki saba. Rilei nilinunua mwenyewe, mpya. Asubuhi gari limepiga goti, kona ileile. Nampigia simu. "Lete tuiangalie, inawezekana na hii ni mbovu, ninayo nyingine." Hapo ndipo nilipokata simu, na tangu siku hiyo sijaipokea yake.

Jumamosi nikafanya mwenyewe. Injini inawaka, gari limenyanyuka, nikazungusha usukani mpaka mwisho. Chini nimeweka stendi mbili. Hapa sitanii: jeki peke yake usiiamini, wala usiingize mkono kati ya tairi na fenda bila stendi, upepo ukitoka ghafla gari linakukalia. Nikazima. Kijana wangu ananimulikia na tochi ya simu. Sabuni ya kuoshea vyombo ya mia tano, maji kidogo kwenye kopo, sponji. Nikaanza juu, pale laini inapoingia kwenye shokapu, kimya. Nikashusha kile kifuniko cha mpira cha kuzuia vumbi, nikapaka kwenye mkunjo wa mfuko. Sekunde mbili tatu hamna kitu. Halafu likatoka povu moja, likavimba, likapasuka, likafuata jingine, na kwenye mkunjo wote, urefu wa kidole, mapovu madogo madogo meupe yamejipanga kama yai linalokaangwa. Dogo akasema, "Baba, si hapo tu?" Nilitamani kulia. Milioni moja na laki tano na nusu, wakuu, na mwenye jibu ni mtoto wa kidato cha pili.

Kwa wenye magari ya aina hii: ikishuka mbele yote au kona zote pamoja, hapo mshuku zaidi kibloku cha vali. Likikaa vibaya injini ikiwa inawaka, angalieni vile vijiti vya sensa za kimo, vipo vitatu, mbele viwili na nyuma kimoja, kikivunjika kompyuta inadanganywa. Na hewa yetu hii ya pwani inalowesha dawa ya kukaushia upepo kwenye kompresa, unyevu unapita mpaka kwenye vali.

Shokapu ya kushoto nimeshafunga, iliyofanyiwa upya mpira. Imekula mshahara wote. Lakini siku nne sasa kushoto hakujashuka hata unywele.

Leo asubuhi nyuma kulia kumeshuka vidole viwili. Gereji siendi. Nimeshamtuma dogo dukani akalete sabuni nyingine.