Mjadala: Je, Gudina Tumsa alipaswa kukimbilia Tanzania?

Mwenzetu mmoja ametoa hoja kwamba kiongozi wa dini anayewindwa na serikali isiyomkiri Mungu ana wajibu wa kukimbia, kwa kuwa akiwa hai ugenini atalifaa kundi lake kuliko akiwa kaburini. Naipinga hoja hiyo, na nitaipima kwa kisa cha jirani zetu wa Ethiopia.

Gudina Tumsa alikuwa Katibu Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Mekane Yesus tangu 1966. Hakuwa mtetezi wa ufalme wa Haile Selassie uliopinduliwa mwaka 1974. Ugomvi ulikuja pale utawala wa kijeshi uliofuata, ulioitwa Derg na uliojitangaza kuwa wa Kimaksi, ulipotaka makanisa yausemee. Patriaki wa Waorthodoksi, Abuna Tewoflos, aliondolewa madarakani 1976, na baadaye akauawa. Machi 1977 serikali ikaitwaa Redio Sauti ya Injili ya Addis Ababa, ambayo wazee wetu waliisikiliza kwa Kiswahili.

Gudina alikamatwa, akaachiwa, akakamatwa tena. Njia ya kutoroka iliandaliwa, na Rais Nyerere akahusika ili apokelewe Tanzania, lakini mwenyewe alikataa kuliacha kundi wakati wa majaribu. Tarehe 28 Julai 1979 alitekwa baada ya ibada, akauawa usiku uleule, na mabaki yake yalipatikana 1992.

Nasema alifanya sawa, kwa sababu Waethiopia wa makanisa ya kiinjili walikuwa wakisingiziwa kwamba dini yao ni ya kigeni na kwamba wanawatumikia mabeberu. Laiti angeshuka Dar es Salaam, watesi wangepata ushahidi waliokuwa wakiutafuta, na aliyeulizwa kuhusu safari hiyo angekuwa mkulima wa Wollega, magharibi mwa Ethiopia, asiye na rais wa kumwombea hifadhi.

Najua nitakumbushwa Mathayo 10:23, panaposema kwamba mkifukuzwa katika mji huu mkimbilie mwingine, na ndugu zetu Waislamu watanikumbusha kwamba ni Habasha hiyohiyo, yaani Ethiopia ya kale, iliyowahifadhi masahaba waliokimbia mateso ya Makka. Ni kweli, na sitamlaumu muumini yeyote aliyevuka mpaka. Lakini tukumbuke kwamba masahaba walipokwenda kwa Najashi, mfalme wa Habasha, Mtume mwenyewe alibaki Makka.

Wala si kweli kwamba kundi hufa asipokuwepo wa kulisemea. Kanisa la Meserete Kristos, la Wamennonite wa Ethiopia, lilifungwa na serikali mwaka 1982 na viongozi wake wakatiwa gerezani. Waumini wakakutana majumbani, wachache wachache, na utawala ulipoanguka 1991 walijitokeza wakiwa wengi mara kadhaa kuliko siku walipofungiwa.

Ninapokosa jibu ni kwa Tsehay Tolessa, mkewe Gudina, aliyekamatwa baadaye, akateswa, akakaa kifungoni takriban miaka kumi. Mume alichagua kubaki, na sehemu kubwa ya gharama ikalipwa na mke na watoto. Hapo hoja ya mwenzangu ina uzito, nami sitaki kuiruka. Namwomba basi atueleze: je, wajibu wa mchungaji kwa watu wa nyumba yake hutangulia wajibu wake kwa kundi, na kama ni hivyo, kundi hilo liambiwe nini asubuhi linapokuta madhabahu haina mtu?